Ile Kilio Haikuwa ya Bata

Bukavu, Nguba, siku ya tano, kisha chakula ya midi

Nsimire, mutoto wangu, mama yangu,

Sikuulizi habari. Habari yako niko nayo, maana saa moja haijapita tangu utoke hapa na kitana mukononi, unaenda kusukwa nywele kwa rafiki yako wa barabara ya chini. Kusuka ni kazi ya masaa tatu, kama masolo, maongezi yenu, haitazidi. Basi niko na masaa tatu ya kuwa mutu wa kweli. Nimefunga mulango, nimesukuma sahani pembeni ya meza, niko naandika mu cahier, daftari ya wanafunzi wangu, na bic nyekundu ya kusahihisha, maana ile ya bleu umeiweka mu valise yako.

Mambo ya koti, ya vidonge vya malaria, ya kutokula kwa watu usiowajua, tanti yako ameisha kukuimbia wiki muzima. Mimi siongezi. Kesho asubuhi ndege itakuchukua Kavumu ikupeleke Kinshasa ku kazi ya télé, na niko na kitu moja tu ya kukuambia, nayo ni ya aibu.

Unakumbuka siku ile mu salle ya paroisse, pale kanisa. Wale wanaume watatu wa télé ya Kinshasa walikuwa wamekaa mbele na abacost zao, zile suti bila tai, wamechoka, wameisha kuona vijana wetu tangu asubuhi wakijikaza kuchekesha bila kuchekesha. Ukapanda wewe. Ukafunga kitambaa ku kichwa, ukashika kiuno, ukaanza ile kilio ya bata ya Maman Kapori, yule mwanamuke wa pori nilikuwa namucheza ku télé. Maweee! Chef wao alianguka karibu chini. Akatoa mouchoir, akapangusa macho, akasema, "Huyu njo tulikuwa tunatafuta." Nawe ukamujibu kwa heshima, uso inangaa, "Citoyen, ni papa yangu njo alitunga ile kilio." Salle muzima ikanigeukia. Nikafanya nini mimi? Nikainama kichwa kidogo sawa mutu mwenye anashukuru, kisha nikapiga mikono.

Nsimire, sikutunga. Niliiba. Nilimuibia mama yako, na kitu nilimuibia haikuwa ya kucheka hata kidogo. Nakuomba usiipeleke Kinshasa. Na najua vizuri kwamba bila ile kilio hawakutaki, maana leo asubuhi, wakati ulifikiri nimeenda misa, nilikuwa kwa chef wao ku nyumba ya wageni. Nilimuambia, "Citoyen, mupe mutoto wangu kitu ingine ya kucheza, anajua mingi." Akacheka. Akaniambia, "Papa, wasichana wa kuimba na kucheza tuko nao Kinshasa, wanajaa. Sisi tulifuata kilio." Nikarudi nyumbani, na wewe ukaniuliza kama padri alihubiri vizuri. Nikasema ndiyo.

Sasa nianze fasi yenye ilianzia.

Wakati télé ilifika hapa, mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya primaire mwenye alijua kuiga watu. Kila mutu mu Bukavu anajua mutu wa vile, mwenye anaigiza padri, anaigiza commissaire, anaigiza muzee wa Nyantende akipanda gari mara ya kwanza. Tulikuwa watu sita mu troupe ya michezo. Hatukuwa na maandiko. Siku ya ine, saa ya midi, chef wetu alikuwa anatupa neno moja, ndoa, ao mwizi, ao mukwe, na saa kumi na mbili tulikuwa mbele ya camera. Mu katikati kila mutu alipaswa kuleta kitu. "Chimbueni nyumbani kwenu," alikuwa anasema, "nyumbani njo kuko shamba." Mmoja alileta magomvi ya baba mukwe wake. Mwingine alileta ulevi wa kaka yake. Mimi nilileta mama yako.

Mama yako, unajua, nilimupata Shabunda, walikonituma kufundisha. Wabiwa wangu, binti wa watu wa msitu, Murega wa kweli, na sauti yenye kupanda na kushuka hata wakati anaomba chumvi. Nilipomuleta Bukavu, mimi Mushi wa muji, kila kitu ilimushangaza na hakuficha. Alishangaa taa ya barabara, alishangaa watu wenye kununua maji, alishangaa wanawake wenye kupita bila kusalimia. Alikuwa anauliza, "Wamegombana wote?" Nilicheka mupaka tumbo ikauma. Naye alicheka. Usifikiri alikuwa mutu wa kununa, hapana! Mara ya kwanza nilimuigiza mu nyumba, ni yeye alinifunga kikwembe yake ku kiuno, akanifundisha kutembea. "Si vile, we mwanaume, kiuno yako imekauka sawa ubao!" Tulikuwa vijana. Kicheko ya siku ile ilikuwa yetu wawili, na mulango ilikuwa imefungwa.

Kosa yangu ya kwanza ni kufungua ule mulango.

Maman Kapori alizaliwa ku télé na akapendwa mara moja. Mwanzoni alikuwa mwerevu. Alikuwa anashangaa tu, na mushangao wake ulionyesha ujinga wetu sisi wa muji. Lakini kicheko ya watu, mama, inaomba kuongezwa kila wiki. Ukiwapa kijiko, wiki ya pili wanataka sahani. Basi Maman Kapori akawa mujinga kidogo, kisha mujinga sana. Akapika sabuni. Akaogopa kioo. Akapigwa na mume wake ku télé, pa! pa!, na watu wakacheka kupigwa kwake zaidi ya kuongea kwake. Yule comédien mwenye alicheza mume wake alikuwa ananiuliza mbele ya camera, "We mwanamuke, ulitoka mu muti gani?" Na mimi, na kikwembe ya muke wangu ku kiuno, nilijibu kwa sauti ya muke wangu. Troupe ilipenda hiyo njia. Mwenzetu mwingine alikuwa anajipaka makaa ku uso, anavaa kaptula ya kupasuka, anakuwa Mutwa, mumoja wa wale wawindaji wafupi wa msitu, mwenye kuiba ndizi na kukimbia sabuni. Hapo pia tulicheka sana.

Siku moja mwanamuke Mutwa alipita mu barabara yetu na vyungu vyake ku kichwa, anauza. Watoto wa Nguba wakamukimbilia na kipande ya sabuni, wanapiga kelele ya télé. Akashusha vyungu polepole. Akapokea ile sabuni, akainusa, akasema, "Aksanti, hata kwangu iko." Akairudisha. Mama yako alitoka, akanunua chungu kubwa yenye hatukuwa na kazi nayo. Jioni aliniambia, "Papa Murhula, ku soko wananiita Kapori. Muuza samaki ya sambaza ananiuliza kama ninajua kuhesabu." Nikamujibu, "Ni muchezo tu. Watu wanacheka, hawachukii."

Ni muchezo tu. Nsimire, kama kuko neno moja ningeweza kungoa mu kinywa yangu na mizizi, ni hiyo. Nilimuambia ile neno mara ngapi? Kila mara alijaribu kuniambia kwamba inauma, nilimuletea hiyo. Na mutu atajibu nini? Akikasirika, basi hajui muchezo, na ile tu inamufanya kuwa Kapori zaidi. Nilikuwa nimemujengea kifungo bila mulango, na nilikuwa najiona mutu mwenye akili.

Umeona aliniita Papa Murhula. Najua unauliza, Murhula ni nani?

Murhula ni kaka yako. Alikuja mbele yako. Alikuwa anaanza kusimama kwa kushika kiti, meno ine, kicheko ya mama yako yote ku uso. Homa ilimuchukua siku ya pili, na siku ya ine hakukuwa tena mutoto. Hatukukuambia. Mama yako alinikataza kutaja jina yake mu hii nyumba, na utaona ni juu ya nini.

Siku ya matanga, parcelle, uwanja yetu yote, ilijaa. Walimu wenzangu walikuwa wamesimama ku mulango, kofia mukononi. Mama yako alikaa chini ku mukeka, kile kitambaa ya kumubebea ku mapaja, na akaanza. Watu wa muji tunalia kwa machozi. Watu wa kwao wanalia kwa sauti na kwa maneno, wanaongea na maiti, wanamulaumu, wanamuagiza. Alianza na ule muito murefu, yoooo, wenye kupanda mupaka unafikiri pumzi itakatika, kisha ikashuka ku jina. Murhula, nani atanifunga mukono mu shingo? Aliimba kwa Kiswahili, ili baba ya mutoto na watu wa baba yake wasikie. Nililia, mama. Nakuapia nililia. Lakini hii ndiyo kitu sijamuambia mutu, hata padri. Wakati nililia, sikio yangu ilikuwa kazini. Nilisikia fasi sauti inavunjika, nikaishika. Nilisikia ginsi anavuta pumzi mbele ya jina, nikaishika. Mutu mwenye alizoea kuiba hawezi kupumzika hata mbele ya maiti ya mutoto wake.

Miezi ilipita. Chef wetu akaniita pembeni, akasema Kapori amechakaa, watu wanaanza kulala, nilete kitu mupya ao tumuue. Siku ile neno ilikuwa mwizi. Tukakubaliana kwamba mwizi ameiba bata ya Maman Kapori, na yeye analia bata. Nililia ginsi gani? Nilifungua kinywa, na ilitoka yenyewe. Yoooo. Bata wangu, nani atanifunga mukono mu shingo? Bata, na mukono mu shingo! Yule wa camera alicheka mupaka picha ikatetemeka. Walipaswa kusimamisha. Nikarudia yote tangu mwanzo, vizuri zaidi.

Wakati ule tulikaa mu nyumba ya nyuma, na mwenye parcelle, mbele, alikuwa na télé. Kila siku ya ine wanawake wa barabara walikaa kwake chini ku ciment. Mama yako pia alikuwa pale, na mapeto, ule ungo ya maharagi, anachagua. Nilirudi na miguu, nimefurahi, watu wananisalimia njiani, "Kapori! Bata wako!" Nilimukuta amekaa ku kitanda. Maharagi ilikuwa imemwangika mu parcelle yote na hakuiokota. Hakulia. Aliniuliza neno moja tu.

"Umemuweka wapi mutoto wangu?"

Na mimi nikasema nini? Unajua nilisema nini. Nilisema, "Wabiwa, ni muchezo tu."

Tangu usiku ule alinikataza kutaja jina ya Murhula. Ungefikiri niliacha. Mutu mwenye roho angeacha. Lakini ile kilio ilipendwa kupita vyote. Waliniomba ku ndoa, waliniomba ku sikukuu ya shule, mupaka Kalehe walinitumia gari ili nilie bata. Mara moja walituita Kinshasa, troupe yote, na kule mu couloir ya nyumba ya télé comédien mumoja wa kwao alianza kuniigiza mimi. Kifaransa yangu ya Kivu, ile "jambo sana" yangu, kutembea kwangu kwa mutu wa mulima. Wote walicheka. Mimi nilicheka kupita wote, ndiyo dawa ya mutu mwenye kuchekwa. Wazee wanasema mucheka kilema hafi bila kumufika, na ilinifika pale pale. Ungefikiri nilijifunza? Nilirudi Bukavu, na siku ya ine yenye ilifuata nilimucheza Kapori mujinga zaidi, sababu nilikuwa na hasira na sikuwa na mutu mwingine wa kuipakulia. Kumbuka hiyo, mama, maana unaenda kule kule. Wewe Nsimire, mwenye kushinda mutihani, mwenye kusoma mupaka taa inazimika, kwao wewe ni pori. Swahili yako ni pori, jina yako ni pori, na watakufunga kikwembe na kukuuliza ulitoka mu muti gani. Watakuambia ni muchezo tu.

Sasa niko nafika fasi ngumu. Nimeamuka ku kiti mara mbili kunywa maji.

Ulizaliwa miaka mbili kisha kaka yako kufa. Ulikua na ile kilio, ulifikiri ni wimbo ya papa. Ulipokuwa na miaka mitatu nilikufundisha mimi mwenyewe, nikakusimamisha ku kiti mbele ya wageni. "Lilia bata!" Na ulilia na mikono ku kichwa, kadogo, na wageni wakalia kwa kucheka. Unakumbuka kwamba mama yako alikuwa anatoka kila mara, anaenda jikoni? Uliniambia mwaka jana, "Mama alikuwa na haya ya wageni." Haikuwa haya.

Kisha nyanya yako, mama ya mama yako, akaletwa hapa kutoka Shabunda na ugonjwa wa tumbo, na hakurudi. Alikufa hapa Bukavu. Watu wa kwao walifika, wajomba, mashangazi, wengine walitembea siku nyingi mu matope. Mu ukoo wa mama yako kuko desturi: binti wa kwanza njo anafungua kilio ya mama yake. Mbele yake hakuna mutu anaweza kulia kwa sauti. Wote wanangoja. Hata mwenye machozi iko inamutoka anafunga kinywa mupaka yule binti aite jina. Maana ni yeye tu mama atasikia na kugeuka, wanasema, na bila kusikia ile sauti hajui kama ni yeye wameita.

Basi parcelle ilikuwa imejaa tena, watu wa msitu upande huu, watu wa Nguba upande ule. Mama yako, binti wa kwanza, akasimama. Miaka mingi hakukuwa ametoa ile sauti. Akavuta pumzi, akaanza, yoooo, sauti ikapanda, ikaanza kushuka ku jina.

Na wewe, mwenye miaka ine, mwenye kukaa ku mapaja yangu na robe yako nyeupe, ulifurahi kusikia wimbo unaujua. Ulipiga mikono na ukamalizia kwa nguvu yote: "Bata wanguuu!"

Watu wa Nguba walipasuka. Hawakutaka, mama, niliwaona wakiuma vikwembe vyao, mutu mumoja alikimbia inje ku barabara. Lakini walicheka mbele ya maiti. Watu wa Shabunda walituangalia bila kuelewa. Mama yako alibaki kinywa wazi. Kisha akaifunga. Alikuja polepole, akakunyanyua ku mapaja yangu, akaweka kichwa yako ku bega yake, akakushika vile mupaka mwisho. Jina ya mama yake hakuiita. Walingoja, walingoja, kisha shangazi mumoja akafungua kilio fasi yake, kwa kasirani. Waliporudi kwao walisema Wabiwa hakumupenda mama yake. Hawakukanyaga hapa tena. Angewaeleza nini? Kwamba sauti ya kuita mama yake iko ku télé kila siku ya ine, mu kinywa ya bwana yake, na kikwembe yake mwenyewe?

Si kosa yako. Soma hii mara mbili: si kosa yako. Mutoto anasema neno yenye walimuwekea mu kinywa. Mama yako aliniambia kitu moja tu jioni ile, na haikuwa juu yangu. Alisema, "Nsimire asijue hata siku moja." Nimetunza ile neno miaka yote hii, na leo niko naivunja. Anisamehe, kama kule aliko kuko kusamehe.

Wewe unakumbuka mazishi ya mama yako mwenyewe, maana ni juzi tu. Ulisimama ku kaburi, ukalia kimya, machozi tu, sawa mutu wa muji. Watu walisema, aah, mutoto amefundishwa vizuri. Mimi nilisimama nyuma yako na nilijua kwamba wewe ni binti wa kwanza, na ya kwamba sauti yake iko mu koo yako nzima, hata kupita yangu, na hukujua kwamba ni ya kumuitia. Nilipaswa kukushika bega na kukuambia, ita. Kama ile desturi ni ya kweli, mama yako alienda bila kugeuka, sababu hakusikia mutu.

Sikukatazi kuenda. Sina haki ya kukukataza kitu, na hapa Bukavu hakuna kazi ya kukupa fasi ya ile. Wala sisemi kucheka ni mubaya. Nimekula kicheko maisha yangu yote na umekua juu yake. Pengine utawaambia hapana na watakurudisha na ndege ya wiki ijayo, na watu wa Nguba watasema umeshindwa, na utanichukia. Pengine utawalilia bata, utapata jina, na utanichukia kisha miaka mingi. Mu njia zote mbili mimi ni mutu wa kuchukiwa, nimehesabu, hakuna ya tatu. Lakini sitaki ulie bila kujua unalia nani. Kwa hiyo niko nakuandikia yote, sawa vile aliitoa siku ile ku mukeka, mbele sijaichafua:

Yoooo, Murhula, nani atanifunga mukono mu shingo?
Murhula, kitambaa yako iko inaniuliza: mugongo iko hapa, mutoto iko wapi?
Ulikuja sawa mugeni, hukungoja hata maji ichemke.
Ukifika kule taja jina ya mama yako, wasikuache ku mulango.

Ni hiyo tu. Fasi ya jina unaweza kuweka Wabiwa. Hiyo ilikuwa haki yako tangu zamani.

Nilitaka kuficha hii barua chini ya nguo mu valise, uione Kinshasa, wakati mimi niko mbali na macho yako. Njo vile mutu wa troupe anafanya, anatupa neno na anakimbia nyuma ya rideau, ile pazia ya jukwaa.

Ngoja. Nasikia sauti yako ku mulango ya parcelle, umerudi mbele ya saa. Wanawake wa mbele wamekuzunguka, wanasifu nywele. Mumoja anasema, "Nsimire, kesho unatuacha, tulilie basi bata mara ya mwisho!" Unacheka. Unasema, "Ngojeni nifunge kitambaa."

Hapana. Niko natoka na hii cahier mukononi, sasa, mbele yao wote, na viatu sina. Umevuta pumzi. Nasikia yoooo yako inapanda, Ee Mungu, ni yeye kabisa. Ikishuka, mbele useme bata, nitaita mimi jina ya Murhula, mutoto wangu, kwa sauti, na wacheke kama wanaweza.

Papa yako